Rodaji ya Mgongo Wangu

Jumatatu, 7 Aprili
Uji. Vidonge. Mkanda ya mgongo. Mariamu binti yangu ananifunga kama gunia ya mahindi, kila asubuhi.

Mimi iko na miaka sabini na nne. Nimezika bibi mmoja, lori tatu, na madaktari wawili waliosema nitatangulia mimi. Vita ilinifukuza Koboko mpaka Congo, nikarudi na miguu yangu. Sasa diski mpya ya mgongo waliyoniwekea Kampala, ndogo kama kifuniko ya soda, inataka kunishinda. Haiwezi.

Siku kumi na moja tangu operesheni. Nimetembea mpaka choo.

Jumamosi, 12 Aprili
Daktari ya Kampala alisema wiki kumi na mbili. Hakuna kuinama, hakuna kubeba. Nikamuambia mimi nimeendesha lori Vurra mpaka Bunia miaka thelathini. Diski ya klachi nilikuwa nafunga asubuhi, mchana napakia mbao. Akacheka. Mutu amepitia tumboni kufika mgongo, kama kutoa giaboksi kwa njia ya radieta, halafu ananicheka.

Idd inaangukia wiki ya kumi na moja. Idd mimi naswali Koboko, safu ya mbele, paji ya uso chini, kama baba yangu mwanajeshi. Kuswali kwa kiti ya plastiki ni ya wazee.

Jumatano, 23 Aprili
Mariamu alienda soko. Nikatandika mkeka, nijaribu sijida moja tu.

Kushuka nilishuka vizuri. Kupanda hapana.

Nimekaa pale kama gari imezama matope. Jirani Anguyo alinisikia. Yeye ni makanika, tumefanya kazi pamoja tangu tukiwa na meno yote. Akasimama mlangoni.

“Dereva, unatafuta nini huko chini?”

“Natafuta Mungu.”

“Amepita. Amesema ukae juu.”

Mariamu akarudi soko, wakaninyanyua wote wawili. Mariamu amekunja mkeka, amefungia ndani ya sanduku yake. Hiyo ni mbaya kuliko kelele.

Alhamisi, 24 Aprili
Mguu ya kushoto iko na ganzi. Naogopa. Nimeandika, basi.

Jumanne, 29 Aprili
Wamepiga picha ya mgongo hapa Arua. Diski iko mahali yake. Daktari alisema nimebahatika, ingine ya hivyo na naweza kurudi kitandani bila miguu. Nikasema ni uzuri wa mwili yangu.

Anguyo alikuja na njugu. Akaniuliza: “Injini mpya tulikuwa tunaifanyia nini?”

Nikajibu, rodaji. Neno tulichukua kwa Wakongo kule Aru, ng’ambo ya mpaka. Kilomita elfu ya kwanza unaenda pole, gari tupu, hakuna kukanyaga mafuta.

“Na dereva aliyepakia mbao kabla rodaji kwisha?”

“Mjinga. Niliwafukuza wawili.”

“Hawakukufungia klachi, Khamis. Wamefungua injini.”

Amenishinda. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Sitamuambia.

Jumanne, 6 Mei
Rodaji. Mpaka duka ya sukari na kurudi. Ganzi imepungua. Mzee mmoja na fimbo amenipita, akaangalia nyuma. Nimemuacha apite. Angejua nilivyokuwa naendesha.

Jumapili, 25 Mei
Mpaka daraja ya mto Oli na kurudi, bila kukaa. Kengele ya kanisa ilikuwa inalia, nikajifanya ni yangu.

Dada yangu mkubwa, Hajati Safia, amepiga simu kutoka Koboko. Anasema wameniwekea kiti nyuma. Nyuma! Nimekata simu. Halafu nimempigia tena kuomba msamaha, ni mkubwa wangu.

Ijumaa, 6 Juni
Idd. Anguyo ameniendesha Koboko, kiti imelazwa, mwendo ya jeneza. Malori yote yametupita.

Mlangoni ya msikiti siwezi kuinama kuvua viatu. Anguyo, Mkatoliki ya parokia ya Ombaci, akapiga goti mbele ya watu wote, akanivua.

Vijana walikuwa wameweka kiti kule nyuma. Nikasema leteni mbele, mwisho ya safu, ama naswali nimesimama mpaka Idd ingine. Wakaleta.

Nilitaka kushuka. Mungu anajua nilivyotaka. Magoti yalikuwa tayari. Nikashika kiti na mikono miwili.

Wote wakaenda chini. Mashehe, wafanyabiashara, wale vijana walioweka kiti nyuma. Nimeona migongo ya Koboko yote imelala. Yangu peke yake imesimama. Mpya.

Nimelia kidogo. Si sana.

Jumamosi, 7 Juni
Nimelala kwa Hajati. Mvua asubuhi. Uji. Mkanda amenifunga yeye, akafunga vibaya. Nimemuambia asante.

Bado wiki mbili kasoro, rodaji iishe. Sina haraka.

Mutu akisema nimejisifu, amuulize Mariamu, aliyenibeba. Amuulize Hajati Safia, alikuwa upande ya wanawake, ameona. Ama Anguyo. Alisimama nje mpaka mwisho, na viatu yangu mkononi.