Kopo la Bibi Lukresia

Songea, stendi
12 Aprili 1994

Bibi, mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Mengine ya salamu yatafuata, kwanza pokea habari ukiwa umekaa: hapa Songea watu wanaojulikana kwa sura ni watatu tu, mkuu wa mkoa, askofu na mimi. Na hao wawili wakipita stendi wananisalimia mimi kwanza, maana wana njaa.

Sasa salamu. Hujambo? Magoti yanasemaje? Kahawa imebeba? Na yule nguruwe dume mwenye kiburi bado yupo, au mmemla Pasaka bila mimi? Mimi ni mzima, nimenawiri, mashavu yamejaa kama ya padri mpya.

Kubeba mizigo nimeacha. Sasa nakaanga chipsi kwenye banda la Mama Mwamvua, hapa hapa mbele ya stendi. Banda lina kabati la kioo na taa nyekundu, basi chipsi zikikaa mle ndani zinaonekana kama maharusi. Mama mwenyewe ni mtu wa Tunduru, mjane, mtu wa swala tano na maneno machache. Tuko wafanyakazi wawili. Mimi niko kwenye karai, na Sefu yuko kwenye mishikaki na kachumbari. Sefu ni kijana mzuri, ila anamenya kiazi polepole kama anamnyoa mtoto mchanga.

Siku ya kwanza Mama aliniita pembeni akaniambia, "Kajetani, sisi tumekula miaka mingi ya hakuna. Unapanga foleni tangu alfajiri, ukifika dirishani, sabuni hakuna. Sukari hakuna. Sasa dunia imefunguka. Kwangu mteja haambiwi hakuna. Siku nikilisikia kinywani mwako, funga mzigo."

Nikamwambia neno hilo mimi hata shuleni sikulisoma. Akasema, "Shule yenyewe uliisoma lini?"

Unaona Bibi, ananipenda. Kabla mwaka haujaisha anafungua banda la pili kule Lizaboni, na anatafuta wa kulisimamia. Sijaambiwa kitu, lakini nimeshaanza kutembea kama msimamizi, mikono nyuma.

Wasalimie wote wanaonidharau.

Mumeo,
Kajetani, Mkaangaji Mkuu


Kigonsera
8 Mei 1994

Mume wangu Kajetani,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mwenyewe kwa miwani yangu, wala sikumwita mtu. Ngumbaru niliyosoma uzeeni inanifaa kuliko wewe darasa la sita uliloliacha ukidai mwalimu anakuonea wivu.

Sisi ni wazima. Magoti ni yale yale, yanatabiri mvua ambayo imekwisha. Kahawa imebeba kiasi.

Nimecheka, halafu nimefurahi. Mtu aliyewahi kuunguza maji matupu jikoni kwangu leo analisha mji! Sasa sikia. Huyo mama mshike. Mtu anayekufundisha kazi bila kukutukana ukoo ni wa kushika. Wahi kazini, nawa mikono, usionje vya wateja, na ulimi wako ulaze kidogo.

Yule dume tulimchinja Pasaka. Nyama imekwisha, usiniulize. Mafuta yake nimeyayeyusha nikakujazia kopo lile kubwa la maziwa ya unga. Anselmo, utingo wa lori, atakuletea. Utie kwenye maharage yako, ule ukiwa peke yako chumbani.

Na hili nakuandikia kwa herufi kubwa ili usiliruke: KOPO LISIKANYAGE BANDANI KWA YULE MAMA. Yeye ni Mwislamu na huyo Sefu ni Mwislamu. Mtu unayekula kwake unautunza mwiko wake hata kama si wako. Babu yako alikuwa na rafiki yake Myao, Mzee Bakili. Akija hapa tulimpa kuku na kisu achinje mwenyewe, na sufuria yake ilikuwa inaning'inia peke yake darini, hakuna aliyeigusa. Ndiyo maana alikuwa anarudi.

Mkeo, ambaye mpaka leo hajaona hata kipande cha kanga kutoka mjini,
Lukresia


Songea, stendi
27 Juni 1994

Bibi mke wangu,

Shikamoo. Natumaini baridi haijakumaliza. Hapa Songea asubuhi ukisema neno linatoka na moshi. Mimi mzima.

Kopo lilifika. Ahsante. Limekwisha.

Sasa nikupe habari ya jana, maana najua itafika huko kabla ya barua hii. Kulikuwa na mpira uwanja wa Majimaji, timu yetu ikashinda, na watu wote wakaja kushangilia mbele ya karai langu. Sijawahi kuona njaa yenye furaha kiasi kile. Wamepanda mpaka kwenye mabenchi, "Mkaangaji! Mkaangaji!" Nikawa natupa chipsi juu na kuzidaka na chujio.

Jua linazama, mafuta yakaisha. Siyo yamepungua, yameisha, karai linanuka chuma. Lori lenye mafuta ya wenye maduka lilikuwa limeharibika njiani tangu katikati ya wiki, mji mzima ulikuwa unakwangua madumu. Nikamtuma Sefu akatafute hata kule mbali Mshangano. Mama alikuwa amekwenda kuswali magharibi. Nimebaki mimi na umati.

Jamaa mmoja akapiga kioo, "Vipi kijana, mafuta hakuna?"

Hilo neno, Bibi! Alilisema yeye. Mimi sikulisema. Nikamjibu, "Kaka, hapa kuna kila kitu." Nikakaanga mpaka kiazi cha mwisho. Mafuta niliyatoa wapi? Mfanyakazi mzuri haulizwi.

Na chipsi zenyewe! Watu walikula wakalamba karatasi. Sefu alirudi mikono mitupu, akala sahani nzima amesimama. Mama alirudi kutoka kuswali, akakuta kila mtu ameshiba na hakuna aliyekosa. Akaonja moja, akavuta kiti, akala sahani, akaomba nyingine. Akasema, "Kajetani, leo umefanya nini?" Nikasema ni mkono tu.

Leo asubuhi ameniambia: banda la Lizaboni ni langu kusimamia. Kwa maneno yake mwenyewe, mbele ya Sefu.

Mumeo,
Msimamizi


Kigonsera
6 Julai 1994

Kajetani,

Sisi ni wazima.

Kopo lile lingekutosha hadi kahawa ivunwe yote. Mtu mmoja na maharage yake hawezi kulimaliza. Nimeisoma barua yako mara tatu, kisha nikaenda kukaa nje.

Umemlisha yule mama. Umemlisha akitoka kwenye swala yake. Na huyo kijana mwenzako.

Sitaki mzaha wako. Mwambie. Usingoje apate habari kwa mwingine, na usingoje hilo banda lifunguliwe kwanza. Akikufukuza, rudi, majembe yapo. Usiniandikie tena mpaka umwambie.

Bibi yako


Songea, Lizaboni
30 Agosti 1994

Bibi mke wangu,

Shikamoo. Hujambo? Umenikasirikia? Tazama juu ya barua nimeandikia wapi. Lizaboni! Soma taratibu.

Nimemwambia. Nilikaa na barua yako wiki mbili mfukoni mpaka ikaanza kunuka vitunguu, halafu siku moja asubuhi kabla ya kuwasha mkaa nikamwambia: Mama, yale mafuta ya siku ya mpira yalikuwa ya nguruwe.

Nilidhani atanipiga na chujio. Hakunipiga. Alikaa kwenye dumu, akajifunga vizuri mtandio. Kisha akaniuliza swali moja mawili, nikajibu. Akasema, "Aliyekula bila kujua hana dhambi. Lakini mimi niliyewauzia lazima niwaambie."

Moto hatukuwasha. Karai, chujio, visu, sahani, kila kitu kikaoshwa mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo, ndivyo dini yao inavyotaka. Udongo nilichota mimi. Kisha Mama akaweka kiti mbele ya banda, na siku tatu hakuuza hata kijiti cha mshikaki. Kila Mwislamu aliyepita anayemjua, alimwita, "Njoo nikuambie." Watu wazima, wafanyabiashara, walimu. Mmoja alitema mate chini akaondoka. Mmoja alisema Mwenyezi Mungu atakulipa kwa ukweli wako. Mama anajibu wote sawasawa, sauti ile ile. Mimi nilikuwa ndani namenya viazi ambavyo hatukuwa tunavikaanga.

Wateja walipungua, sasa wanarudi. Sefu hakunisemesha mwezi mzima. Juzi aliniomba chumvi, nikajua yamekwisha.

Na mimi nimesamehewa. Banda la huku ni dogo lakini kabati lake la kioo ni jipya, na nina kijana chini yangu, anaitwa Goodluck. Nimemwambia kwangu mteja haambiwi hakuna, isipokuwa kama kweli hakuna. Sheria nimeirekebisha. Tazama mumeo alivyo na akili.

Mumeo,
Msimamizi wa Lizaboni


Kigonsera
9 Oktoba 1994

Mume wangu,

Marahaba. Nimerudi kukuita mume, kwa kuwa ulifanya kama nilivyokuambia. Haikuwa rahisi na nimekuombea.

Sisi ni wazima. Jicho la kushoto lina ukungu, wanasema niende hospitali huko mjini.

Anselmo amepita jana na mzigo kutoka kwa Mama Mwamvua. Mfuko wa korosho za kwao Tunduru, zimebanguliwa vizuri, na kitenge doti moja, cha bluu. Nimekishika sana hicho kitenge. Miaka mingi hapajaja mtu asiye wa ukoo akanikumbuka hivyo.

Lakini Anselmo alikuwa na maneno pia. Anasema yule mama alimshika mkono akamwambia: "Mwambie yule bibi nimemsamehe moyoni. Uzee ni uzee, hata mama yangu alikuwa anasahau. Asijilaumu."

Nimemuuliza Anselmo, amenisamehe nini? Akatazama pembeni, akasema labda ni salamu tu za mjini. Halafu akacheka, akasema pale stendi vijana wana msemo, wakikuta chakula kitamu wanaulizana, "Vipi, kopo la Bibi limefika?" Nikamuuliza bibi gani. Akapanda lori.

Kitenge nimekikunja nimekiweka. Sijakivaa. Sivai kitu cha msamaha nisioujua.

Nakuja Songea wiki ya kwanza ya Novemba kwa ajili ya jicho. Nikishuka nitapita kwanza kwa huyo mama nimshukuru, tuonane uso kwa uso kama watu wazima. Sasa niambie kabla sijapanda gari. Amenisamehe nini?

Mkeo,
Lukresia


Songea, Lizaboni
20 Oktoba 1994

Bibi,

Shikamoo. Pole na jicho. Hospitali nitakupeleka mimi, nimeshamwomba Goodluck ashike karai siku hiyo, na kwenye foleni ya daktari yupo mteja wangu mmoja atakayetusogeza mbele. Jina langu linafungua milango.

Biashara ni nzuri. Juzi alikuja bwana mmoja mgeni kutoka Iringa, mtu wa ofisini, akala chipsi mayai, akasema hata Iringa hazipo za namna hii. Nimenunua viatu. Mama Mwamvua huja huku kila Ijumaa jioni kutazama, anapitisha kidole chini ya kabati, anakitazama, hasemi kitu. Kwake hiyo ni sifa. Wiki iliyopita alimwambia mwenye duka la jirani, "Huyu kijana ni mkweli. Wangapi wangekuja kusema wenyewe?"

Nilitaka kukuandikia hiyo tu, halafu niishie hapo.

Bibi, siku ile ya mpira kopo lilikuwa juu ya rafu kwenye stoo ya banda, nilikokuwa nalala, kwa kuwa chumba kingine sikuwa nacho. Sikulisahau lilikuwa na nini. Nilitoka nje kwanza nikatazama njia ya msikitini, nikamwona mgongo wake unapinda kona. Sefu naye nilimtuma mbali, nilijua Mshangano hakuna mafuta. Ndipo nikafungua.

Halafu ile asubuhi, alipokaa kwenye dumu, swali lake lilikuwa moja tu. Nimekuandikia moja mawili, lilikuwa moja. Aliniuliza, "Ulijua?" Barua yako ya Julai ilikuwa mkononi mwangu, anaiona. Alinitazama kama anataka sana nijibu jambo fulani. Nikamjibu hilo. Nikamwambia ndiyo kwanza nimepata barua hii, ndiyo kwanza najua, maana kopo lilikuja tu, na Bibi yangu ni mzee.

Akaenda akakaa kwenye kile kiti siku tatu, na kila aliyemwita alimwambia hivyo. Kijana hakujua. Bibi yake hakusema.

Uliandika kwa herufi kubwa, Bibi. Nilimwambia hukuandika kitu.

Mjukuu wako,
Kajetani