Maji Yalikuwa Yameshatakata

5 Machi

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Ulifika salama kazini? Mimi mzima, ukiondoa mrija huu walioniwekea baada ya kunikata ule uvimbe wa kibofu. Nakuandikia barua kwa sababu simu ya wodini husikilizwa na vitanda sita.

Nikueleze inavyokwenda. Mifuko ya maji ya chumvi imetundikwa juu ya kitanda. Maji yanashuka kwa mrija hadi kwenye kibofu, yanakisuuza, kisha yanatokea upande mwingine wa mrija huohuo mpaka mfuko wa chini. Sista anasema ni kuzuia damu isigande ikaziba njia. Sawa. Fundi cherehani wa kitanda cha jirani, aliyepasuliwa tezi dume siku mbili kabla yangu, naye alisuuzwa hivyohivyo. Asubuhi maji yake yalipotakata, wakafunga. Yangu yametakata tangu jana jioni, meupe kama ya kunywa, lakini daktari kapita akasema, "Huyu aendelee mpaka kesho."

Fundi akanicheka: "Mwalimu, wewe wamekuona mchafu sana!"

Nimefundisha sayansi miaka thelathini na moja. Wanasuuza nini?

Baba yako

9 Machi

Shikamoo Baba,

Nimefurahi kusikia umetolewa mrija na uko nyumbani. Huku sote wazima. Kule kusuuzwa ni tahadhari tu, uvimbe wenyewe ulikuwa mdogo. Kunywa maji, pumzika, usimsumbue Mama kwa maswali.

Kitindamimba

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Afya yangu inaendelea vizuri. Yako sina hakika nayo, maana barua zako huwa kurasa nne na hii haikujaza hata nusu. Nimekuuliza wanasuuza nini, unanijibu tahadhari. Wanafunzi wangu ambao hawakusoma walijibu hivyohivyo.

Mama yako nikiingia jikoni anakata simu. Na siku ya kupasuliwa daktari alikuita kando. Nilidhani anakuelekeza duka la dawa. Basi nimefikiri mwenyewe. Kama maji hayana damu na bado yanapitishwa, kuna kitu kinaelea humo kisichoonekana kwa macho, nao hawataki kibaki. Niandikie jina lake. Usiponiandikia, kile kipimo walichonipangia Juni siendi. Siendi kupimwa kitu kisicho na jina.

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo Baba,

Unaendeleaje? Nimechana barua tatu kabla ya hii.

Ni saratani. Daktari alitaka kukwambia, mimi ndiye niliyemwomba angoje upate nguvu. Nisamehe.

Umefikiri sawasawa. Uvimbe unapokatwa, chembe zake huelea kibofuni na zinaweza kunata mahali pengine zikaota upya. Maji yanazitoa kabla hazijashika. Yanapunguza uwezekano wa kurudi, Baba, hayaumalizi. Ndiyo maana lazima Juni wachungulie kwa kamera.

Lakini na mimi nina swali, maana kushuku nimerithi kwako. Mama anasema tangu Julai mwaka jana unafua suruali zako mwenyewe na kuzianika chumbani. Wewe, usiyejua hata sabuni inakaa wapi! Ulikuwa unasuuza nini?

Kitindamimba

28 Mei

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Hatujambo sote. Nimechelewa kujibu kwa sababu umenikamata.

Damu. Mwanzo ilikuwa matone tu kwenye nguo. Haikuuma, nikajiambia hakuna haraka. Mama yako nilimwambia najifunza kujitegemea; alicheka mpaka akakaa chini. Miezi minane nilificha kwa sabuni, halafu nikawashuku ninyi kwa wiki tatu na kujiona mjanja.

Jana nimekwenda kwa daktari mwenyewe. Amenieleza, nami nikamchorea kibofu ubaoni ili ajue nimeelewa. Kamera ni tarehe kumi na moja Juni. Uje, tuingie wote, asiitwe mtu kando.

Ukifika utaona kapu la nguo mlangoni. Suruali zangu zimo, sijazigusa. Mama yako huzikagua kabla ya kuloweka. Mimi nasema wiki hii ni safi, lakini usiniamini. Angalia mwenyewe.

Baba yako