Mkate wa Baba Unaniumiza, Nami Nimemwambia Mwalimu Hauna Tatizo

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie mimi ambaye kwa miaka minne nimekuwa nikiisoma safu yako kwa sauti kazini, saa ya chakula cha mchana, ili wenzangu wacheke matatizo ya watu, na leo tatizo ni langu na sina hamu ya kucheka. Mimi ni fundi wa kushona sare za shule, nina miaka thelathini na minne, mume wangu ni fundi magari, tuna watoto wawili, na baba yangu ni mwoka mikate. Nianze na baba kwa sababu yote yanatoka kwake.

Baba si mtu wa maneno. Siku ya harusi yangu alipopewa nafasi ya kuongea alisema, "Nashukuru, kuleni," akakaa. Lakini tangu nihamie kwa mume wangu, mtaa wa pili kutoka bekari yake, kila asubuhi alikuwa anagonga dirisha la jikoni kwa kidole kimoja, anaacha mkate wa moto kwenye ukingo wa dirisha umefungwa kwa karatasi, anaendelea na safari yake ya kupeleka mikate madukani, na mimi nilikuwa nakula kipande cha kwanza nikiwa nimesimama, kabla ya chai, kabla ya kumwamsha mtu, na ile ncha yenye ganda gumu sikuwahi kumwachia yeyote, hata watoto wangu mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita nikaanza kuishiwa damu, tumbo likijaa kama nina mimba ya miezi sita, nikawa nalala juu ya cherehani mchana kweupe, na baada ya vipimo vingi daktari akaniambia utumbo wangu unaharibiwa na gluteni, kile kinachoufanya unga wa ngano unate, na kwamba kimo pia kwenye shayiri na rai, nafaka nyingine inayofanana na ngano, na dawa hakuna ila kuacha, tena kuacha kabisa, kwa kuwa kwa mtu kama mimi hata makombo ni chakula. Shangazi yangu aliposikia aliuliza ni ugonjwa gani huo unaochagua unga, akasema enzi zao watu walikuwa wanaumwa njaa tu na kila mtu alijua dawa yake. Tulicheka wote. Baba hakucheka. Kesho yake dirisha halikugongwa, wala kesho kutwa, na ikawa hivyo mwaka mmoja na nusu, nami niliendelea kuamka saa ileile na kusimama jikoni bila sababu.

Usidhani sikutafuta. Nimezunguka maduka yote makubwa ya mji huu nikisoma maandishi ya nyuma ya paketi kwa tochi ya simu hadi mlinzi mmoja akanifuata akidhani naiba. Nimegundua kuwa ngano imejificha kwenye soseji, kwenye supu ya paketi, kwenye sosi ya soya, kwenye viungo vya kuku. Vyakula visivyo na gluteni vimewekwa rafu ya chini kabisa, jirani na chakula cha mbwa, na mara nyingi ni aina tatu tu: biskuti zinazovunjika ukizitazama, tambi za mchele, na mkate wa boksi uliotoka mbali ambao ukiudondosha unadunda. Niliununua nikaula mara mbili. Mume wangu aliuonja akasema hata bosi wake asingekubali kuufunga kama tairi kwenye gari la mteja. Chipsi nilizozitegemea mchana kazini nazo nikaja kujua zinakaangwa kwenye mafuta yaleyale ya kuku waliopakwa unga. Kwa hiyo nikawa nabeba viazi vya kuchemsha na yai kila siku, wenzangu wakinifungulia vifurushi vyao vya mikate puani, si kwa ubaya, wamezoea tu, na mimi nikinusa kama mtu anayepita nje ya nyumba aliyozaliwa iliyouzwa.

Miezi mitano iliyopita dirisha likagongwa. Nilikimbia hadi nikamwaga maji. Baba alikuwa amesimama pale, hakuondoka kama zamani, ameshika mkate mdogo, rangi yake ya kahawia kama ya ule wa siku zote, akaniambia, "Kula, mama. Mchele na muhogo. Humu hamna ngano." Baadaye mfanyakazi wake aliniambia Mzee ametupa mikate kumi na tisa kabla ya ule, mingine ilikuwa mizito kama tofali, na hakutaka mtu aniambie mpaka apatie. Mshauri, nilikula ncha ya ule mkate nikiwa nimesimama. Ganda lilikuwa ganda, utamu ulikuwa utamu. Nililia na baba akajifanya anaangalia tairi la baiskeli yake.

Siku ile ile jioni tumbo likavimba. Nikasema ni haraka yangu ya kula. Wiki ya pili nikasema ni muhogo. Wiki ya tatu nikaenda bekari mchana, baba akiwa anaoka mkate wangu, nikaketi kwenye gunia nikimtazama. Alikuwa ameosha meza kwa maji ya moto, amefungua unga mpya wa mchele, amenawa hadi viwiko, na huku anafanya kazi akaanza kuongea, yeye ambaye haongei, akaniambia, "Unajua nilidhani nimempoteza mteja wangu wa kwanza." Na akiwa bado ananitazama mimi, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye pipa la ngano, ukachota konzi, ukanyunyiza kwenye trei ili mkate usishike. Amefanya hivyo miaka hamsini. Hakuuona mkono wake. Mimi niliuona, na sikusema kitu. Aliponipa ule mkate niliupokea kwa mikono miwili.

Tangu hapo naupokea kila asubuhi, ninakula kipande kimoja mbele yake anapokuwa amesimama, unaobaki nawapa watoto. Mume wangu anajua. Kila siku ananiambia, "Mwambie, baba yako si yai." Ni rahisi kwake kusema, yeye dirisha lake halijawahi kunyamaza.

Ningeishi hivyo hivyo mshauri, tumbo ni langu, lakini baba kwa furaha yake amewaambia watu, na miezi miwili iliyopita akaja mwalimu mmoja wa hesabu wa shule iliyo karibu, mwanamke wa makamo, naye ana ugonjwa wangu huuhuu. Akanikuta dukani kwa baba, akaniuliza mbele yake, "Mwenzangu, wewe unaula huu bila tatizo?" Baba alikuwa nyuma ya kaunta akinitazama. Nikasema, "Bila tatizo kabisa." Tangu siku hiyo Mwalimu ananunua mikate miwili kila Jumatano na miwili kila Jumamosi. Wiki iliyopita alikuja kazini kwangu nimpunguzie sketi. Nilimpima kiuno nikakuta amepungua sentimita sita tangu nilipomshonea sketi hiyo, siku chache baada ya kukutana. Akaniambia hospitali wanamtafutia ugonjwa mwingine, wamempangia vipimo vipya, kwa sababu ameshaondoa kila kitu jikoni kwake, hata viungo, kitu pekee ambacho ana uhakika nacho ni mkate wa baba yangu. Nilikuwa na pini mdomoni, sikuweza kujibu, na zilipotoka pia sikujibu.

Nifanyeje? Nimefikiria kumwambia Mwalimu kwa siri ahamie kwenye mkate wa boksi, baba asijue. Nimefikiria kumwomba yule mfanyakazi alifiche pipa la ngano siku za kuoka mkate wetu. Nimefikiria kumwambia baba kwamba nimeuchoka tu. Chochote kati ya hivyo ila kumwambia kwamba kwa miezi mitano mkono wake umekuwa ukiniumiza. Nisaidie nisimvunje moyo.

Mimi, mshona sare

JIBU

Dada mshonaji, pole. Mkate wa mzazi si kitu cha kuacha kama sigara, na mwaka mmoja na nusu wa kusimama jikoni bila kugongewa ni mrefu. Hilo nimelisikia. Sasa nisikilize na wewe.

Umemdanganya mgonjwa mwenzako kuhusu chakula. Baba yako amekosea bila kujua. Wewe umekosea ukijua, ukiwa na futi ya kupimia mkononi, na sentimita sita umezihesabu mwenyewe. Mwalimu anaingia kwenye vipimo ambavyo huenda havihitaji, akitafuta ndani ya mwili wake kitu ambacho kimo kwenye mkate wa baba yako. Usiniambie tumbo ni lako. Lilikuwa lako hadi siku ile ya kaunta.

Kabla ya kukujibu niliwauliza waoka mikate wawili na mtaalamu mmoja wa lishe. Mwoka mmoja aliniambia hufuta rafu zake akifunga kazi, na asubuhi anazikuta nyeupe: unga hukaa hewani saa nyingi kabla ya kutua. Mtaalamu wa lishe akasema jambo hilohilo kwa maneno makavu zaidi. Kwa hiyo wazo lako la kulificha pipa ni la bure. Hata baba yako asiponyunyiza konzi moja, mkate unaookwa ndani ya bekari ya ngano unakula ngano kutoka kwenye hewa, kwenye chekeche, kwenye meza ya mbao iliyokunywa unga miaka hamsini. Meza hiyo haioshwi ikatakata. Na unga wa mchele, kama umesagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano, umeingia bekari ukiwa tayari na kasoro.

Maana yake nini? Maana yake kosa ni la nyumba yote ile, mkono wa baba yako ni sehemu ndogo tu. Mwambie hivyo, kwa sababu ndio ukweli, na ukweli huu unamezeka kuliko ule uliokuwa unamfichia. Usimtume mumeo. Usimwambie dukani mbele ya wateja. Nenda kwake mchana kazi ikiwa imepoa, mwambie: baba, mkate ni mtamu, lakini bekari hii haiwezi kuuoka, naomba uje uuoke kwangu.

Kisha mwandalie. Ondoa ngano yote jikoni kwako. Watoto wataishi bila biskuti zao, au watazilia nje. Nunua trei mpya, chekeche jipya, bakuli la chuma, kijiko cha chuma, na visirudi bekari hata kwa siku moja. Nunua mchele mzima, uchague, usage mwenyewe kwa blenda. Muhogo nao mkavu mzima. Trei ipakwe mafuta na kunyunyizwa unga wa mchele, na uweke unga huo karibu na mkono wake, maana mkono ule utatafuta kitu cha kunyunyiza hata ukimwonya. Aje akiwa ameoga na amebadili nguo, si na aproni ya kazini. Mara moja kwa wiki inatosha. Mkate ukatwe ukiwa baridi, ugandishwe kwenye friji, utoe vipande kadiri unavyohitaji. Hiyo ndiyo paketi yako ya haraka ya asubuhi, na haitadunda.

Mchana kazini, viazi na yai si adhabu, ila si lazima viwe kila siku. Wali wa jana na maharage, tambi za mchele zilizochemshwa na mboga, bisi, karanga, matunda. Madukani, paketi inayosema inaweza kuwa na chembe za ngano iache hapo hapo, usijadiliane nayo. Mwombe meneja wa duka aagize unga maalumu usio na gluteni. Mkienda wawili atasikiliza zaidi, na wa pili unamjua ila sasa hivi sina hakika kama atakubali kutembea na wewe. Na rudi kwa daktari wako, umweleze miezi hii mitano bila kupunguza, apime damu upya.

Unaogopa kumvunja moyo mzee aliyetupa mikate kumi na tisa bila kumwambia mtu. Wa ishirini nao umeharibika. Atakasirika, huenda siku mbili tatu asiongee, jambo ambalo kwake, kwa maelezo yako, si geni. Kitakachomuumiza kweli ni kuambiwa na hospitali ya Mwalimu, au na Mwalimu mwenyewe, kwamba binti yake alikaa kwenye gunia akamtazama na kunyamaza.

Sasa Mwalimu. Usimwambie ahamie mkate wa boksi kwa siri. Mwambie ulichokiona kwenye trei, lini ulikiona, na kwamba siku ile ulimdanganya kwa sababu baba yako alikuwa anatazama. Mwambie apeleke habari hiyo kwa daktari wake kabla ya kipimo kinachofuata. Akikufokea, simama ufokewe. Asipokusamehe, ana haki.

Barua yako imechukua siku nane kunifikia, na safu hii hutoka mara moja kwa wiki. Hukuandika namba ya simu, na bekari ziko nyingi, kwa hiyo sikuweza kukufikia mapema. Nimehesabu Jumatano na Jumamosi zilizopita katikati: ni mikate minane, yote imenunuliwa kwa neno lako. Leo ni Jumamosi. Baba anaweza kusubiri hadi mchana. Usimalize ukurasa huu, wala usiwasomee wenzako kwanza. Weka gazeti chini, uende kwa Mwalimu kabla hajakata kipande cha leo.