Jiko la Zege Ambalo Mama Hakuliwasha

Katumba, Mpanda

Kwako kaka Venanti,

Pokea salamu za mdogo wako Nestori. Kabla ya yote nakuuliza hali: umeamkaje wewe, shemeji ameamkaje, watoto wanaendeleaje, na mvua huko imeshika? Nauliza kwa moyo kweli. Hata mtu uliyemkasirikia, haifai kumrukia kwa maneno kabla hujajua kama amelala salama. Sisi tuliobaki huku Katumba ni wazima. Nimesema tuliobaki, kaka, kwa sababu Mama hayupo. Alitutoka mwezi uliopita, tukamzika hapa hapa, nyuma ya shamba la mahindi. Nisamehe kukupa habari hii kwa karatasi. Mtu wa kuja kukwambia ana kwa ana hakupatikana.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kirundi tunakisema nyumbani kila siku, lakini mkono wangu ulifundishwa kuandika katika shule ya huku, na nikijaribu kuandika Kirundi natoka jasho. Baba anasema Kiswahili unakijua, ulikipata kwenye biashara ya samaki huko ziwani. Basi soma mwenyewe. Sitaki mtu mwingine akusomee.

Nataka ujue Mama alivyomaliza siku zake, na ili uelewe inabidi nianze na habari ya jiko.

Wewe hukuwahi kuona tunavyoishi. Tulipoletwa hapa na wakimbizi wenzetu mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na huku kote kulikuwa msitu wa miombo. Baba alisimamisha nyumba ya miti na udongo, akaezeka nyasi, akasema hii ni ya kujikinga na mvua mpaka turudi. Miaka ikaenda. Majirani wakafyatua tofali, wakachoma, wakaezeka bati. Baba hapana. "Sisi tunapita," alikuwa akisema. "Mtu anayepita hachimbi msingi." Jiko la Mama lilikuwa nje, nyuma ya nyumba: nguzo za miti, nyasi juu, mafiga chini. Mchwa wakila nguzo, tunaweka nyingine. Kiangazi kimoja cheche iliruka, jiko likaungua lote na mahindi ya mbegu yaliyokuwa yamening'inizwa juu ya moshi. Tukajenga tena lile lile, nyasi na miti.

Wanawake wenzake walimcheka. Yeye aliwajibu, "Jiko langu liko kwetu. Hapa nachemsha tu."

Nilidhani anavumilia kwa sababu ya ubishi wa Baba. Nilikuwa simjui mama yangu. Yeye ndiye aliyekuwa hataki jiko, kuliko Baba. Akimwona kijana wa rika lako njiani, husimama akamwangalia, halafu anasema, "Venanti naye sasa atakuwa ameota ndevu." Miaka ikapita, akaanza kusema, "Venanti sasa atakuwa ameoa." Hakujua kama uko hai. Tulikuacha shuleni siku tulipokimbia mauaji, na kila mtu hapa alishakuhesabu pamoja na waliokufa, isipokuwa yeye.

Halafu akatokea jirani yetu mmoja aliyekwenda huko kuchungulia, akarudi na kusema amekuona kwa macho yake, uko kwenye shamba la Baba, una mke na watoto. Kaka, siku ile Mama aliacha sufuria motoni, ugali ukaungua, akaenda nyumba kwa nyumba kuwaambia watu. Baba akaomba kibali cha kutoka kwenye makazi haya ya wakimbizi, akapita Kigoma, akaja kwako. Mama alimpa dumu la asali ya huku akupelekee. Alilichuja mwenyewe kwa kanga mpya, hakutaka nta hata chembe.

Baba aliporudi alisema maneno machache. "Venanti ni mzima. Ana watoto wazuri. Ameshukuru kwa asali. Anasema tujiandae taratibu."

Mama alijiandaa. Aligawa kuku wake. Alikataa kupanda muhogo msimu ule, kwa sababu muhogo ni wa mtu anayekaa. Akapanda maharage peke yake, ambayo mtu anaweza kuyavuna upesi akaondoka nayo. Kila mgeni aliyepita alimuuliza habari za njia.

Tulipouza tumbaku, Baba akaniita. "Twende Mpanda tukanunue simenti."

"Simenti ya nini, Baba?"

"Ya jiko la mama yako."

Nilifikiri amechanganyikiwa. Tumekaa muda wote huo bila hata tofali moja, na sasa tunaambiwa turudi ndiyo tujenge? Lakini nilikwenda. Tulipata lori la kuturudisha na mifuko yetu, nalo likapata pancha katikati ya pori. Dereva na utingo wakawa wanahangaika na gurudumu. Baba na mimi tulikaa juu ya mifuko ile ya simenti, juani, na hapo ndipo aliponiambia.

Alisema ulimpokea vizuri. Ulimpa kitanda chako. Siku ya tatu ukamwita nje, ukamwambia maneno haya, nami nayaandika kama alivyonipa: "Mzee, nyie mlikimbia mkaniacha. Nilirudi kutoka shuleni nikakuta mlango wazi na moto bado unawaka jikoni, na hakuna mtu. Nimelelewa na watu baki. Shamba hili walikuwa wamelichukua wengine, nimelirudisha kwa jasho langu. Mkirudi wote, watoto wangu watakula wapi? Kaeni huko huko. Huko mmeshazoea."

"Ukamjibu nini?" nilimuuliza.

"Ningemjibu nini? Kweli tulikimbia. Tulimngoja mtoni mpaka wenzetu wakaanza kuvuka, halafu na sisi tukavuka. Lakini ukimweleza mtu kwamba ulimngoja, yeye ambaye hakukuona, ni maneno tu." Akapangusa vumbi kwenye mfuko wa simenti. "Amesema tumeshazoea. Haya. Basi tuzoee kweli."

"Mama anajua?"

"Hajui. Na wewe usimwambie."

Tulimleta fundi kutoka Kasokola, Mbende mmoja, mwenyeji wa huku, anaitwa Kasiano, mtu wa maneno mengi na kazi safi. Alipima pale nyuma ya nyumba, akasema, "Mzee, jiko la nje watu wanajengea tofali za kuchoma. Udongo mnao, kuni mnazo. Simenti weka kwenye sakafu basi."

Baba akasema, "Nataka zege. Chini zege, nguzo zege, juu zege."

"Na nondo?"

"Na nondo."

"Mzee, unajenga jiko au daraja?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. "Nataka kitu ambacho mtu akija kukibomoa atachoka yeye kwanza."

Kasiano akaacha utani. Akatuambia jambo moja tu, kwamba zege na moto havipatani. Ukikoka moto juu ya zege tupu linapasuka na kurusha vipande, mtu anaweza kupoteza jicho. Pale pa kukalia moto lazima tupange tofali za udongo. Baba akakubali hilo. Mengine yote yakawa zege. Tukachota mchanga mtoni kwa baiskeli, tukagonga kokoto, na siku ya kumwaga walikuja majirani wengi, wengine na chepe, wengine na makarai, kama watu wanaochimba kaburi. Nafikiri walifurahi kumwona Baba naye hatimaye anachimba msingi.

Mama alikuwa ameenda kumtazama mgonjwa, na hakuwa ameambiwa kwamba siku ndiyo hiyo. Mbao na mchanga alikuwa ameviona, Baba akamwambia ni kazi ndogo ya fundi, ya kuzuia mvua. Alipofika na kukuta nguzo zimemwagwa, akasimama. Alimwamkia kila mtu vizuri. Halafu akamuuliza Baba mbele yetu wote, kwa Kirundi, polepole:

"Mzee, kama mtoto ametuita, zege la nini?"

Baba alikuwa ameshika chepe. "La mvua," alisema.

"Hiyo mvua ndiyo umeiona leo?"

Baba akainamia karai. Mama akanigeukia mimi, na mimi nikatazama chini. Hapo akajua. Hakulia, kaka. Alisema, "Jambo mliloshindwa kulisema kwa mdomo mmeniambia kwa zege." Akaingia ndani akafunga mlango.

Jiko lilikamilika. Nikwambie ukweli, ni jiko zuri. Lina mahali pa kuweka sufuria kubwa, na bomba la kutolea moshi ambalo Kasiano alilitengeneza kwa akili zake mwenyewe. Wanawake walikuja kuliangalia. Mama hakukanyaga. Aliendelea kupika kwenye kibanda chake cha nyasi, hatua chache tu kutoka pale. Mke wangu Perusi alimbembeleza, "Mama, hebu tuhamishe chungu kimoja tu." Akajibiwa, "Mkamwana, lile ni la watu wanaokaa. Pikieni nyie." Na Perusi naye akaona haya kulitumia wakati mama mkwe wake amekunja mgongo kwenye nyasi. Basi jiko likakaa bila moto. Tukaweka humo majembe na magunia, kuku wa jirani wakawa wanataga humo.

Na Baba hakuwahi kumwambia, "Samahani, nilikudanganya." Wala Mama hakumuuliza tena. Walikula sahani moja, wakaenda kanisani pamoja, lakini mazungumzo yao yalibaki ya kuni na chumvi. Jina lako halikutajwa tena nyumbani. Mama aliyelitaja kila alipomwona kijana barabarani, sasa vijana wanapita na hainui kichwa.

Masika ilipoanza nyasi za kibanda zilikuwa zimeoza. Kila nikisema nibadilishe, Mama anasema acha. Alipika na maji yanamdondokea mabegani, kuni mbichi, moshi umejaa. Kifua kikaanza. Tulimpeleka zahanati, wakampa dawa, akapata nafuu kidogo, akarudi kwenye moshi wake. Mara ya pili hakuinuka. Siku zake za mwisho nilikaa naye. Nilingoja aseme neno lolote juu yako nikuletee. Hakusema. Sikufichi, ningeweza kukutungia neno zuri hapa ukalala vizuri, lakini hakusema.

Siku ya msiba mvua ilinyesha tangu asubuhi. Watu walikuwa wengi, vyungu vikubwa, na kibanda cha nyasi hakiwezi. Wanawake wa kwaya hawakuuliza mtu. Waliondoa magunia, wakafukuza kuku, wakakoka moto kwenye jiko la zege. Nilisimama uani nikaona moshi unatoka juu vizuri kabisa, na chini hakuna hata tone lililovuja. Ugali wa kwanza uliopikwa humo ulikuwa wa waombolezaji wake. Mimi sikuweza kuula.

Baada ya maziko Kasiano alimfuata Baba. Alikuwa amekuja kutoka Kasokola kwa miguu kwenye matope. Alimwambia, "Mzee, simenti ilibaki kidogo. Nilisakafie kaburi la mama, bure, mvua isilitie shimo."

Baba akasema, "Hapana. Acheni udongo hivyo hivyo. Siku tukirudi tutamchukua."

Kasiano alinitazama. Nikampa chepe, tukaongeza udongo juu ya kaburi.

Kaka Venanti, sikuombi shamba. Jua hilo, usije ukaiogopa barua hii. Mimi nina heka zangu za tumbaku na mahindi, na watoto wangu wamezaliwa hapa. Najua nawe uliachwa, na mtoto wa miaka kumi na mitatu anayekuta nyumba tupu ana haki ya kuwa na kinyongo. Jambo hilo nimelifikiria sana nikiwa shambani. Lakini Mama hakutaka shamba. Alitaka kuona ndevu zako. Ungeweza kusema, mleteni aje akae wiki moja awaone wajukuu, halafu arudi kwenu. Neno dogo kama hilo lisingekupunguzia hata mgomba mmoja. Ulimwona Baba amesimama mbele yako na asali ya mama yako mkononi, na ukaona mipaka ya shamba tu. Hilo ndilo limenikaa kooni.

Nisalimie shemeji yangu, mkeo, ambaye Baba anasema alimchemshia maji ya kuoga kila jioni bila kuambiwa. Nisalimie watoto wako wote, hasa yule binti mkubwa anayefanana na Mama kwa mwendo, Baba alisema hivyo. Msalimie shangazi, dada yake Baba, aliyerudi huko miaka ya karibuni, na umweleze msiba polepole kwa sababu ni mtu mzima. Perusi anakusalimu. Wanangu wanakusalimu pia, ingawa hawajui wanamsalimu nani.

Barua hii naikabidhi kwa mfanyabiashara wa dagaa anayepitia Kigoma. Kabla sijaifunga nimemuuliza Baba kama ana neno la kukwambia. Alikuwa amekaa kwenye jiko lile, anaota moto. Alisukuma kuni ndani kwanza, halafu akasema, "Msalimie."

Basi, umesalimiwa.

Ni mimi, mtoto wa mwisho wa mama yako,
Nestori