Gunia Likifika Mdomoni

Jumatatu, 2 Juni. Ilomba, Mbeya
Mwezi wa saba tangu nitoke nyumbani Kalenga, Iringa. Tumepakia viazi tangu asubuhi. Bega la kulia limevimba. Jioni nimefungua simu, masomo ya kompyuta za wingu. Ni kompyuta za kukodi zilizo mbali, mtu anazitunza akiwa amekaa. Kukaa. Hilo ndilo lililonivuta. Shule niliishia kidato cha pili. Nasomea vyeti vya kampuni tatu za kukodisha kompyuta hizo kwa pamoja, na usalama wa mitandao juu yake. Kila mwalimu wa mtandaoni anasema chake ndicho cha kuanza nacho.

Ijumaa, 6 Juni
Mama Neema kapiga simu kutoka nyumbani. Dada yake anapika chai kwenye ofisi moja ya Kihesa, pale Iringa. Wanatafuta msaidizi wa kutunza kompyuta zao za wingu. Hawaulizi shule, wanakupa jaribio. Jumamosi ya tarehe 21.
"Baba Neema, ukiikosa hii utaturudia na bega moja."
Kweli tupu. Naogopa.

Jumatano, 11 Juni
Nimefanya mitihani ya mazoezi. Yote mitatu nimefeli. Kitu kilekile kila kampuni inakiita jina lake, nami nachanganya. Nina hasira na kichwa changu.

Ijumaa, 13 Juni
Gunia limepasuka mgongoni kwangu. Lumbesa, kama kawaida: gunia limeshajaa, tajiri anaongeza kilemba cha viazi juu na kukifuma kwa kamba. Viazi vyote mavumbini. Ambakisye, mpakiaji mwenzangu, kacheka mpaka kakaa chini.
"Mhehe, ndivyo unavyosoma! Lumbesa tupu. Gunia likifika mdomoni, shona!"
Sikucheka. Jioni nimempigia shemeji wa Kihesa, nikamwomba aulize ofisi yao inatumia kampuni gani. Kaniambia. Nyingine mbili nimezifuta kwenye simu. Usalama nao usubiri. Nimebaki na Linux, mfumo unaoendesha kompyuta hizo, misingi ya mitandao, na cheti kimoja cha mwanzo. Labda nimechelewa.

Jumatano, 18 Juni
Vidole vinene, kioo cha simu kidogo. Hata hivyo nimewasha kompyuta iliyo nchi nyingine, nikaiwekea ukurasa wenye jina la Neema. Umefunguka. Nimemwonyesha Ambakisye.
"Sasa hiyo inaliwa na nini?"
Nimeizima. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 21 Juni. Kihesa
Mkuu wao ni binti, kaniamkia shikamoo. Kanipa kompyuta ambayo ukurasa wake umegoma kufunguka. Njia ya kuingilia kutoka nje ilikuwa imefungwa. Nimeifungua. Kisha kauliza usalama. Kauliza zile kampuni nyingine.
"Hayo sijasoma, dada."
"Umesoma nini basi, kaka?"
"Hiki kimoja."
Kaufungua tena ukurasa niliourekebisha. Mwishowe kasema nafasi ni yangu, ila nifaulu kwanza hicho cheti kimoja.

Jumatatu, 23 Juni. Ilomba
Nililala Kalenga usiku mmoja. Mahindi yamekauka, Mama Neema anavuna peke yake. Bega la kulia lilikataa hata kunyanyua debe. Leo nimerudi kupakia. Tajiri kaleta lumbesa, nimekataa, kapewa mwingine. Magunia ya kawaida nimebeba kwa bega la kushoto. Mtihani ni mwisho wa Agosti. Nimemwambia Mama Neema anitegemee nyumbani wiki ya kwanza ya Septemba. Mahindi ya kuchoma yameshanipita. Aniwekee makande.