Ini Langu Lina Mafuta

Jumamosi, 14 Juni. Tumeamka na ukungu, mibuni haionekani hata ya karibu na mlango. Baridi ya kuumiza vidole.

Leo nimekula nyama ya nguruwe yenye mafuta, na nilijua ninachofanya.

Mdogo wangu Festo hawezi kupona bila kupandikizwa kipande cha ini la mtu mwingine. Katika ukoo mzima, ni mimi tu niliyefaa kwa damu. Lakini kipimo kilionyesha ini langu lina mafuta. Daktari alinieleza taratibu: kipande kikishakatwa hukaa kwenye baridi bila damu, na damu inapokirudia, ini lenye mafuta huumia kuliko ini safi. Linaweza kugoma kabisa ndani ya mgonjwa. Alisema nchi nyingine wana mashine za kulilisha ini damu likiwa nje ya mwili, lisiumie. Kwetu, kinga ni mdomo wangu. Nipunguze ugali, niache mafuta na sukari, nitembee sana, kisha nipimwe tena.

Nyumbani nilisema vipimo viko sawa.

Niliona aibu. Huku kwetu ini bovu ni la mlevi, na mimi sinywi hata togwa iliyochacha.

Leo binti yake Festo amepata komunyo ya kwanza, nikaenda kwao Mkumbi. Kwenye sherehe ya mtoto, sahani ya shangazi hutangulia, na hakuna anayemega kabla yake. Wifi akanijazia.

"Kula, wifi. Siku hizi unakula kwa ajili ya watu wawili."

"Kama mjamzito," jirani akadakia. Wakacheka.

Nikala. Festo, macho yake ya njano, akahamishia vipande vyake kwenye sahani yangu. "Hizi ni zangu, dada. Tunza, nitazikuta humo ndani."

Nikazila na hizo.

Muziki ulipoanza nilimvuta wifi nyuma ya jiko, nikamwambia yote. Alikuwa bado na mwiko mkononi.

"Kwa hiyo mikono yangu hii ndiyo imekuwa ikimmaliza mume wangu?"

Nilimwachia mzigo ambao haukuwa wake. Kila alichonipikia, alinipikia kwa upendo.

Akaingia ndani kumwambia Festo. Baadaye Festo akatoka, anashika ukuta.

"Ungesema tu, dada. Nyama ningekula mwenyewe."

Wifi hakucheka. "Kesho baada ya misa unahamia hapa," alisema. "Utakula ninachokupa mimi, na asubuhi tutatembea wote hadi barabarani."

Hakuniita wifi.

Nimeshafunga nguo zangu. Je, kipimo kikirudi vilevile, nitawatazamaje watoto wa Festo?

Nimezima taa saa nne na nusu.