Seli Zilizofufuka

Jumatano, Miembeni

Hasi tena! Nakadiria kasi ya kufa kwa seli za kinga ya mwili, na kompyuta inasema iko chini ya sifuri. Yaani seli zilizokufa zinafufuka. Kesho msimamizi wangu anataka jibu, nami naogopa atausimamisha utafiti.

Sijui kwa nini nilimweleza mama.

"Waitu! Wafu wanafufuka?" Akawapigia simu wanajumuiya wenzake wa kanisani. Jioni wakaja, wakapiga magoti mbele ya kompyuta, wakaanza rozari.

Katikati ya sala nikaona nimekosea alama moja ya kutoa. Nikairekebisha. Namba ikawa chanya.

"Imekubali!" nikapaza sauti.

Wakapiga vigelegele, mama akanikumbatia. Sikuthubutu kuwaambia kwamba tunashangilia vifo.